Panya, minyoo na programu isiyojua kusema "simjui"

Leo tuache kidogo mambo ya seva na simu, tuzungumze kuhusu panya. Najua wengine mmeshaanza kukunja uso, lakini vumilieni. Habari hii ya panya ina hifadhidata ndani yake, ina kazi ya kulinganisha herufi, na ina udhaifu mmoja ambao sisi waandishi wa programu tunauzoea mpaka hatuuoni tena.

Swali lenyewe ni hili: ukimkamata panya wa porini ukamkuta na mnyoo, utajuaje ni mnyoo gani kwa kusoma DNA yake? Na kompyuta ikishakupa jina, uliamini kwa kiasi gani? Msidhani ni swali la maabara tu. Jina likikosewa, kijiji kizima kinaweza kutishwa bure. Likikosewa upande wa pili, watu wataambiwa ugonjwa umekwisha kumbe uko palepale, umejificha kwenye majani.

Swali lililotoka nyumbani

Kwetu ni Ikutha, Kitui Kusini. Kwa asiyepajua: shuka na barabara ya Mombasa hadi Kibwezi, kata kushoto uelekee Kitui, vuka mto Athi, nawe utafika Ikutha kabla ya Mutomo. Ni nchi kame. Tunalima ndengu, mtama na mbaazi, tunafuga mbuzi, na maji ndiyo habari ya kila siku. Mito mingi ni mchanga mtupu sehemu kubwa ya mwaka. Watu huchimba mchangani wakapata maji, na wengine huteka kwenye silanga, yaani yale mabwawa ya udongo yanayokusanya maji ya mvua.

Mimi niko Nairobi kwa ajili ya kazi. Jioni moja Mwaitu, yaani mama yangu, alinipigia simu. Wiki ile watoto wa shule walikuwa wamepewa dawa ya minyoo. Tulipomaliza kusalimiana akaniuliza: "Mwanangu, watoto wamepewa dawa. Mbuzi tunawapa sisi wenyewe. Na panya je? Si nao wanaingia kwenye silanga hiyohiyo?"

Alikuwa na sababu ya kuuliza. Ndengu zikishavunwa panya huwa wengi, na jirani mmoja alikuwa anashauri watu wachange pesa, wanunue sumu na kuimwaga kandokando ya silanga, ili panya waishe na minyoo iishe nao. Mwaitu alitaka kujua ukweli kabla sumu haijamwagwa karibu na maji ya kunywa. "Wewe umesomea kompyuta," akasema, "angalia huko kwenye mtandao." Nyumbani kwetu shahada ya kompyuta inatakiwa kujibu kila kitu, kuanzia televisheni isiyoshika mpaka minyoo ya panya. Nikamwahidi kwamba nitaangalia. Hapa chini ni yale niliyoyapata, pamoja na jaribio dogo nililolifanya mwenyewe.

Mnyoo unaozungumziwa

Panya hubeba minyoo ya aina nyingi, lakini ule uliomtia Mwaitu wasiwasi ni wa kichocho. Jina lake la kisayansi ni Schistosoma. Hapa Kenya aina mbili ndizo zinazosumbua watu: Schistosoma haematobium, inayoleta kichocho cha mkojo, na Schistosoma mansoni, inayoleta kichocho cha matumbo. Upande wa Makueni, ukivuka Athi, kichocho cha matumbo kimechunguzwa kwa miaka mingi, hasa maeneo ya Kambu.

Mzunguko wake ni huu. Mnyoo dume na jike huishi pamoja ndani ya mishipa ya damu. Mayai hutoka kwa mkojo au kwa kinyesi. Yakifika kwenye maji yasiyo ya chumvi huanguliwa, na kiluwiluwi kinachotoka huingia ndani ya konokono. Humo huzaliana. Baadaye konokono hutoa viluwiluwi vya namna nyingine, kwa maelfu, vinavyoogelea vikitafuta ngozi. Vikiipata hupenya, na safari inaanza upya.

Konokono wa S. mansoni huitwa Biomphalaria, na wa S. haematobium huitwa Bulinus. Huyu Bulinus ana ujanja unaotuhusu sisi watu wa nchi kame: dimbwi likikauka anaweza kujificha kwenye udongo akasubiri mvua.

Sasa, kiluwiluwi hakidai kitambulisho. Ngozi iliyo majini inaweza kuwa ya mtoto, ya ng'ombe, ya nyani au ya panya. Na jamii ya Schistosoma ina ndugu wengi. S. bovis ni ya ng'ombe, mbuzi na kondoo. S. rodhaini ni ya panya. Kwa hiyo mtu akikuambia "nimekuta mnyoo wa kichocho ndani ya panya," bado hajakuambia neno la maana. Kama ni S. rodhaini, hayo kwa kiasi kikubwa ni matatizo ya panya mwenyewe. Kama ni S. bovis, mwite daktari wa mifugo. Lakini kama ni S. mansoni, basi panya yule anaweza kuwa ghala la ugonjwa wa watu.

Hapo ndipo swali la Mwaitu linapouma. Kuanzia mwaka 2012 mpango wa kitaifa wa dawa za minyoo shuleni umefikia mamilioni ya watoto wa Kenya, na penye kichocho dawa inayotolewa ni prazikwanteli. Dawa hii huua minyoo iliyo ndani ya mtoto. Haimzuii kuambukizwa tena akirudi majini. Na panya hapangi foleni shuleni.

Kwa nini hadubini haitoshi

Utauliza, kwa nini wasiangalie tu kwa hadubini? Wanaangalia, na hadubini bado inafanya kazi kubwa. Lakini ina mpaka wake. Viluwiluwi vya S. mansoni na vya S. rodhaini vinafanana mno, na vyote hutoka kwa konokono yuleyule Biomphalaria. Tofauti inayoonekana zaidi ni ya saa: S. mansoni kwa kawaida hutoka mchana, watu wanapokuwa majini, na S. rodhaini hutoka usiku, panya wanapotembea. Ukipewa chupa yenye kiluwiluwi kimoja kilichokwisha kufa, saa haitakusaidia. Itabidi usome maandishi yaliyo ndani yake.

Maandishi ya herufi nne

DNA, kwetu sisi watu wa programu, ni maandishi marefu yenye herufi nne tu: A, C, G na T. Ya S. mansoni yalichapishwa mwaka 2009 na yana herufi kama milioni 363. Hakuna haja ya kuzisoma zote kila mara. Mwaka 2003 Paul Hebert wa Chuo Kikuu cha Guelph nchini Kanada na wenzake walipendekeza kipande kifupi cha jeni iitwayo cox1, herufi kama 650, kitumike kutambulisha wanyama kama vile mistari myeusi inavyotambulisha bidhaa za dukani. Jeni hiyo iko ndani ya mitokondria, ambazo ni nyingi katika kila seli, kwa hiyo hata mnyoo mdogo hutoa nakala za kutosha.

Kazi yenyewe huenda hivi. Panya hunaswa kwa mitego, na chambo cha siagi ya karanga kinawapendeza sana. Mishipa ya ini na utumbo huchunguzwa. Mnyoo ukipatikana huwekwa kwenye alkoholi ili usioze. Kisha DNA hutolewa, na kipande kinachotakiwa hurudufiwa kwa njia iitwayo PCR, ambayo Kary Mullis aliivumbua mwaka 1983 na kupewa Tuzo ya Nobel mwaka 1993. PCR ni kitanzi cha kawaida kabisa: kila mzunguko nakala huongezeka maradufu. Kama kila kitu kikienda sawa, nakala moja baada ya mizunguko 30 huwa nakala 1,073,741,824. Mkitaka kuhakikisha, pigeni 2 kwa kipeo cha 30.

Mwisho mashine husoma herufi na kukupa faili la maandishi. Hapo kazi ya mtu wa maabara inapungua, na yetu inaanza.

Kulinganisha si kuhesabu tu

Faili lile peke yake halina jina. Jina hupatikana kwa kulinganisha herufi zako na herufi za viumbe waliokwisha kujulikana. Kwa macho ya haraka ni rahisi:

ATGGTTCATTTG
ATGGTACATTTA

Herufi 12, tofauti 2. (Mfano huu nimeutunga, si wa mnyoo wowote.) Mwanafunzi wa muhula wa kwanza anaweza kuandika programu hiyo. Lakini herufi moja ikipotea, mambo yanaharibika. Chukua neno "kichocho" na mtu aliyeliandika vibaya "kichoho". Ukilinganisha nafasi kwa nafasi utahesabu tofauti 3, kwa sababu kila kitu baada ya kosa kimesogea. Ukiruhusu pengo moja baada ya herufi ya tano, tofauti ni 1 tu. Kutafuta mapengo yakae wapi ili maandishi mawili yafanane kadiri iwezekanavyo ni tatizo ambalo Needleman na Wunsch walilitolea njia mwaka 1970, kisha Smith na Waterman wakatoa njia ya kutafuta vipande vinavyofanana mwaka 1981.

Njia hizo ni sahihi lakini ni za polepole ukizipeleka kwenye hifadhidata kubwa kama GenBank. Mwaka 1990 Stephen Altschul na wenzake wakachapisha BLAST, ambayo kwanza hutafuta vijineno vifupi vinavyolingana, kisha hupanua kuanzia hapo. Ni kama kumtafuta mtu sokoni: huangalii uso wa kila mmoja, unatafuta kwanza kofia nyekundu.

BLAST ni programu nzuri mno. Lakini tazameni inafanya nini hasa. Inapanga waliomo kwenye hifadhidata kuanzia anayefanana zaidi na herufi zako. Basi. Ina namba moja inayowachanganya wengi, iitwayo E. Namba hiyo inakadiria ni mara ngapi ungepata mfanano mzuri kama huo kwa bahati tu katika hifadhidata ya ukubwa ule. E ikiwa ndogo sana, maana yake mfanano si wa bahati. Haimaanishi kwamba jina ni sahihi. Mimi na binamu yangu tunafanana, na si kwa bahati, lakini mimi si yeye.

Twende Kisumu kidogo

Ikutha iko mashariki ya Kenya na Kisumu iko magharibi, lakini mfano bora ninaoujua wa kazi hii nchini mwetu umetoka Kisumu, kwa hiyo nifuateni huko kidogo.

Watafiti wa KEMRI, wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya na wa Chuo Kikuu cha New Mexico cha Marekani, akiwemo Ben Hanelt, Gerald Mkoji na Sam Loker, walikamata wanyama wadogo 480: aina 9 za panya na jamaa zao, na aina 1 ya kirukanjia. Waliwakamata kandokando ya ziwa Victoria na kwenye kinamasi cha Nyabera, ambacho kiko ndani ya mji wa Kisumu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010. Waliokutwa na minyoo ya Schistosoma walikuwa wachache mno, asilimia 2 hawakufika. Lakini katika wachache hao, jeni ya cox1 ilionyesha aina nne za minyoo: S. mansoni, S. bovis, S. rodhaini, na moja ambayo sayansi haikuwa na jina lake kabla ya hapo.

Hiyo ya nne walikuwa wameieleza mwaka uliotangulia, 2009, na kuipa jina Schistosoma kisumuensis. Ilipatikana Nyabera ndani ya panya wa aina tatu, mmoja wao akiwa Mastomys natalensis, yule panya shamba anayejulikana na kila mkulima wa Afrika Mashariki.

Nisomapo habari hii huwa najiuliza: siku ile herufi za mnyoo wa Nyabera zilipotoka kwenye mashine, hakuna hifadhidata duniani iliyokuwa na jina lake. Kompyuta ingewaambia nini?

Jaribio langu

Nikaamua kujaribu. Nilipakua kutoka GenBank, ambayo ni wazi kwa kila mtu, herufi za cox1 za aina kadhaa za Schistosoma. Nikaandika programu fupi ya Python ya kulinganisha na kutoa jina la anayefanana zaidi.

Kwanza nikaipa herufi za S. kisumuensis huku S. kisumuensis ikiwamo kwenye hifadhidata yangu. Ikajibu vizuri: kisumuensis.

Pili nikaifuta S. kisumuensis kwenye hifadhidata, nikauliza tena. Programu haikusita hata kidogo. Ikanipa jina la ndugu yake mmoja wa kundi la haematobium, na zaidi ya herufi 8 katika kila 10 zikilingana. Mtu asiyejua angeona namba hiyo akaridhika. Na tukumbuke kundi hilo ndilo lenye mnyoo wa kichocho cha mkojo cha watu.

Tatu nikafuta zote isipokuwa S. mansoni. Nikauliza tena. Ikajibu: mansoni.

Programu ile haina hitilafu, inafanya kile ilichoambiwa. Iliambiwa "nipe anayefanana zaidi", na daima kuna anayefanana zaidi. Hakuna mstari hata mmoja unaoiruhusu kusema "huyu simjui". Hebu fikirini programu kama hiyo imewekwa kwenye simu ya afisa wa afya, hifadhidata yake ikiwa imejazwa minyoo iliyokusanywa nchi nyingine, halafu apeleke panya wa Ikutha. Atapata jina kila mara.

Watafiti wa Kisumu hawakusimama kwenye jina la kwanza. Waliangalia maumbo ya minyoo, wakasoma jeni zaidi ya moja, wakachora mti wa ukoo na kuona tawi lisilokuwa na mwenyewe. Ndiyo sababu tuna S. kisumuensis leo badala ya taarifa yenye jina la mnyoo mwingine.

Mama anajulikana, baba je?

Kuna jambo la pili ambalo programu yangu haiwezi kulijua hata hifadhidata ikijaa. Mitokondria hurithiwa kutoka kwa mama. Kwa hiyo cox1 inakuambia ukoo wa mama wa mnyoo, wala haisemi kitu kuhusu baba.

Hili lisingekuwa tatizo kama kila aina ingeoana na aina yake. Lakini mwaka 2008 Michelle Steinauer na wenzake, wengi wao wa timu ileile, walionyesha kwamba S. mansoni ya watu na S. rodhaini ya panya huzaa machotara huko magharibi mwa Kenya. Na panya mmoja anaweza kuwa na aina zote mbili mwilini kwa wakati mmoja. Panya wa namna hiyo ni chumba cha arusi. Chotara ambaye mama yake ni rodhaini ataitwa rodhaini na cox1, hata kama nusu ya urithi wake umetoka kwenye mnyoo wa watu. Dawa yake ni kusoma pia kipande kilicho kwenye kiini cha seli, kinachorithiwa kwa wazazi wote wawili. Vikitofautiana, umemkamata chotara.

Je, panya wana uzito wowote?

Huenda unasema, asilimia 2 hawakufika, sasa kelele ya nini? Nami nilifikiri hivyo. Lakini panya ni wengi, na mahali pengine wamekuwa na uzito mkubwa. Kwenye kisiwa cha Guadeloupe, kilicho chini ya Ufaransa katika bahari ya Karibi, panya weusi huendeleza S. mansoni. Mfaransa André Théron alionyesha kwamba huko kuna viluwiluwi vinavyotoka kwa konokono jioni jioni, saa panya wanapoanza kutoka, badala ya mchana wa watu. Mnyoo umebadilisha ratiba kumfuata mwenyeji.

Afrika Magharibi nako, mwaka 2018 Stefano Catalano na wenzake walitoa taarifa ya panya wa kaskazini mwa Senegali waliokuwa na S. mansoni, na wengine waliokuwa na S. bovis au chotara wake. Kwa hiyo swali la "panya je?" si la mama mmoja wa Ikutha tu.

Hata hivyo jibu la Guadeloupe si jibu la Kisumu, na la Kisumu si la Ikutha. Kisumu kuna ziwa na kinamasi kisichokauka. Kwetu silanga hujaa na kukauka. Konokono wanaweza kuwa wengine, panya wengine, minyoo mingine. Huwezi kuhamisha jibu kama unavyohamisha faili. Lazima mtu ategee pale pale.

Nilivyomjibu Mwaitu

Nilimpigia nikamweleza kwa Kikamba, bila cox1 wala BLAST. Nilimwambia mambo manne.

Kwanza, panya aliye ghalani hamwambukizi mtu kichocho kwa kugusa ndengu. Kichocho hupenya ngozi ndani ya maji yenye konokono wake. Maji yaliyotekwa yakakaa kwenye pipa siku mbili bila konokono, viluwiluwi vyake huwa vimekufa.

Pili, wa ghalani ana mnyoo wake mwingine. Unaitwa Hymenolepis diminuta, ni tegu wa panya, na hupitia kwa wadudu wa nafaka na unga. Mtoto akimla mdudu huyo bila kujua anaweza kuupata, ingawa si jambo la kila siku. Kwa hiyo unga ufunikwe na uchekechwe.

Tatu, sumu isimwagwe karibu na silanga. Itaingia kwenye maji ya watu na mifugo, itaua paka na bundi wanaotusaidia kuwala panya, na konokono atabaki palepale akitusubiri.

Nne, choo na dawa ya watoto ndivyo vinavyokata mzunguko upande wetu, na hivyo visiachwe eti kwa sababu kuna panya.

Alinyamaza kidogo, akasema: "Basi hao panya wakamatwe wapimwe, si kuuawa hovyo." Sikuwa na la kuongeza. Alikwenda kumwambia jirani, na sumu haikununuliwa.

Kwa wenzangu mnaoandika programu

Vifaa vya kusoma DNA vinazidi kuwa vidogo, na siku si nyingi baadhi yenu mtaombwa kuandika programu za kutaja majina ya minyoo, mbu, au wadudu wa mahindi. Nawaomba mambo haya. Wekeni kiwango ambacho chini yake programu inajibu "simjui". Onyesheni wa kwanza na wa pili pamoja, maana kama wamekaribiana sana jina la kwanza halina nguvu. Andikeni waziwazi ni aina zipi zimo kwenye hifadhidata na zilikusanywa wapi. Na msikubali herufi ziingie bila jina la mahali, tarehe, na namba ya kielelezo kilichohifadhiwa makumbusho, kwa sababu herufi zikija kutiliwa shaka lazima mtu aweze kurudi kwenye mnyoo wenyewe, na kwa panya aliyeubeba.

Mimi nimeshaongeza "simjui" kwenye programu yangu. Ilinichukua mistari minne. Nikairudisha kwenye jaribio la pili, hifadhidata ikiwa haina S. kisumuensis, na safari hii ikajibu: "Simjui. Anayemkaribia ni huyu, lakini si yeye." Nikiisafisha nitaiweka hapa, mwenye kutaka kuipakua aichukue bure. Na kama kuna msomaji anayefanya kazi ya panya au konokono huku Ukambani, tuwasiliane. Mitego mimi sina, lakini herufi ninaweza kuzisoma. Kwaherini kwa leo.